Chekechea Yenye Lugha Tano: Mtoto Afunzwe kwa Ipi?

Mtoto wa miaka 4 anapofikishwa PP1 kwa mara ya kwanza, jambo analolihitaji kwa mwalimu si herufi wala namba. Anahitaji maji ya kunywa, ruhusa ya kwenda msalani na mtu wa kumwambia kwamba mwenzake amemsukuma. Katika Kaunti ya Kwale, mtoto huyo anaweza kuomba "madzi" kwa Kidigo au Kiduruma, "manzi" kwa Kikamba, au "maji" kwa Kiswahili. Maneno hayo matatu yanakaribiana kiasi kwamba mwalimu mwenye subira ataelewa hata kama lugha yenyewe haijui. Lakini mtoto huyo huyo akitaka kueleza kwamba tumbo limemuuma tangu jana usiku na nyumbani hakukuwa na mtu mzima, ukaribu wa maneno haumfikishi mbali. Wengi huamua kunyamaza.

Ukimya huo ndio umewashughulisha watafiti wa lugha na elimu kwa zaidi ya miaka 70. Mwalimu anaweza kuudhani ni nidhamu, na mzazi akaudhani ni haya za ugeni. Mara nyingi ni mtoto ambaye hajaelewa alichoambiwa, na ambaye hana maneno ya kusema kwamba hajaelewa.

Suala hili linawahusu wakazi wa kaunti moja kwa moja. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi serikali ya kaunti elimu ya chekechea, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya malezi ya watoto. Kaunti ndiyo inayojenga madarasa ya chekechea na kuajiri walimu wake. Mtaala hutungwa na serikali ya kitaifa kupitia Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), na kuanzia Gredi ya Kwanza mtoto huwa chini ya walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Kwa hivyo miaka ile miwili ya PP1 na PP2, ambapo mtoto anakutana na lugha ya darasani kwa mara ya kwanza, imo mikononi mwa kaunti na wazazi.

WENYEJI NI NANI?

Sera ya taifa inasema mtoto wa chekechea hadi Gredi ya Tatu afunzwe kwa lugha ya eneo linalohudumiwa na shule. Kwenye karatasi, sentensi hiyo haina utata. Ukishuka Ukunda, Msambweni au Shimba Hills, unajikuta ukiuliza: lugha ya eneo ni ipi hasa?

Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 866,820 katika Kwale. Wengi wao ni Wadigo, walioenea ukanda wa pwani kuanzia Matuga hadi Lunga Lunga, na Waduruma, ambao ngome yao ni Kinango. Kidigo na Kiduruma ni miongoni mwa lugha za Wamijikenda, na wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha 1993 kuhusu historia ya Kiswahili na lugha jamaa zake, waliziweka lugha hizo katika kundi moja na Kiswahili, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro. Kundi hilo huitwa Sabaki, kwa jina la ule mto unaomwaga maji yake karibu na Malindi. Kusini zaidi, katika visiwa na vijiji vya Wasini, Shimoni na Vanga, kuna lahaja za Kiswahili zenye jina lake zenyewe, yaani Kivumba na Kichifundi. Msemaji wa Kivumba akiambiwa kwamba Kiswahili alichozaliwa nacho si sanifu, ana haki ya kucheka kidogo.

Halafu kuna waliokuja. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji katika enzi ya ukoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa, na wengine wakafuata baadaye wakikimbia vita. Waliishi na kuzaa hapa vizazi kadhaa bila vitambulisho vya taifa. Mwezi Oktoba 2016 walifunga safari kutoka Kwale, wakiianza kwa miguu, hadi Nairobi kumwona Rais, na ombi lao likakubaliwa. Leo wanatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba, wavuvi ambao asili yao ni kisiwa cha Pemba, walisubiri hadi 2023 ndipo wakatambuliwa kuwa raia. Kwa familia hizi, swala la shule lilitangulia swala la lugha: mzazi asiye na kitambulisho alipata taabu kumtafutia mtoto cheti cha kuzaliwa, na mtoto asiye na cheti alipata taabu kila alipofika kwenye usajili wa mtihani.

Wakamba wengi wa Shimba Hills walipewa makazi huko katika mpango wa serikali ya kikoloni miaka ya 1950. Wajukuu wao wamezaliwa Kwale, wamezika wazee wao Kwale, lakini bado huulizwa wametoka wapi. Hoteli za Diani zimewavuta wafanyakazi kutoka bara na Magharibi ya nchi, na mgodi wa madini ya titani ambao uchimbaji wake ulikoma mwishoni mwa 2024 ulifanya vivyo hivyo kwa takriban muongo mmoja. Watoto wa watu wote hawa huketi kwenye mkeka mmoja.

Kwa hiyo neno "lugha ya mama" lenyewe lina walakini. Mtoto mwenye mama Mkamba, baba Mdigo na nyumba ya kupanga mtaa wa Ukunda huenda lugha yake ya kwanza ni Kiswahili cha majirani. Mwenzake wa ukoo wa Kimakonde anaweza kuwa anamsikia bibi yake akizungumza Kimakonde, lakini yeye humjibu kwa Kiswahili au Kidigo. Kabila lililoandikwa kwenye fomu halitoshi kumwambia mwalimu mtoto anafikiri kwa lugha gani.

SERA ILIVYOYUMBA

Kenya haijawahi kuwa na msimamo mmoja juu ya jambo hili. Katika enzi ya mkoloni, shule nyingi za misheni zilianza kufundisha kwa lugha za wenyeji, lakini zipo zilizowaadhibu watoto kwa kuzitumia. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na fikra za Mwafrika, alieleza jinsi mwanafunzi aliyenaswa akizungumza Kikuyu shuleni alivyochapwa, au kuvishwa kibao shingoni chenye maandishi ya kumdhihaki. Wazazi wengi wa Pwani waliosoma miaka ya baadaye wanakikumbuka kibao kama hicho, kikipitishwa kutoka shingo moja hadi nyingine hadi jioni.

Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, lugha za nyumbani zikiachiwa kipindi cha hadithi. Miaka 12 baadaye, Kamati ya Gachathi ya 1976 iligeuza usukani: madarasa matatu ya kwanza yafunzwe kwa lugha ya eneo la shule, na pale ambapo watu wa lugha mbalimbali wamechanganyika, Kiswahili kitumike. Huo ndio msingi wa sera hadi leo. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini 2019, uliudumisha na kuziweka lugha za kiasili kuwa somo katika Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu. Katiba nayo, katika Kifungu cha 7, inaifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na inaitaka Serikali ikuze na kulinda lugha za watu wa Kenya, ikiwemo Lugha ya Ishara ya Kenya.

Kilichopo darasani ni tofauti. Vitabu vya mradi wa Tusome, vilivyosambazwa katika shule za msingi za umma tangu 2015, ni vya Kiingereza na Kiswahili. Mwalimu mwenye kitabu cha Kiingereza mkononi, mzazi anayeuliza kwa nini mtoto bado hasemi "good morning", na shule ya kibinafsi iliyo jirani yenye bango la Kiingereza, atafundisha kwa lugha gani? Sera inaweza kusema itakavyo.

UTAFITI UNASEMA NINI

Mwaka 1953 UNESCO ilichapisha ripoti ya wataalamu juu ya matumizi ya lugha za wenyeji katika elimu. Hoja yao kuu ilikuwa rahisi: mtoto hujifunza kusoma vizuri zaidi kwa lugha anayoielewa, kwa sababu kusoma ni kutambua kwenye karatasi kile ambacho sikio tayari linakijua. Mtoto anayejua neno "mbuzi" akijifunza sauti za m-b-u-z-i, anapofika mwisho wa neno anapata zawadi: mbuzi huyo hapo. Asiyejua neno hilo anafika mwisho na kukuta kimya.

Afrika ilikuja kulijaribu wazo hilo kwa vitendo. Mradi unaotajwa zaidi ulianza 1970 mjini Ife, Nigeria, ukiongozwa na Profesa Babatunde Fafunwa. Kundi moja la watoto lilifunzwa masomo yote kwa Kiyoruba kwa miaka 6, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo na mwalimu aliyekimudu. Kundi la pili lilifuata utaratibu wa kawaida, yaani Kiyoruba miaka 3 kisha Kiingereza. Waliotarajia kundi la kwanza lianguke katika Kiingereza hawakupata walichotarajia. Watoto wa Kiyoruba walifanya vyema sawa na wenzao au kuwazidi, katika Kiingereza pia.

Nchini Canada, Profesa Jim Cummins alichunguza watoto wa wahamiaji waliofika Toronto bila kujua Kiingereza. Aligundua kwamba ndani ya miaka 2 hivi wengi walikuwa wakicheza na kupiga gumzo kwa Kiingereza bila shida, na walimu wakaamini kwamba lugha wameimaliza. Lakini ili wafikie kiwango cha wenzao katika lugha ya vitabu, ile ya kueleza kwa nini mvua hunyesha au kufumbua swali la hesabu la maneno, walihitaji miaka 5 au zaidi. Mtoto aliyeonekana mvivu au mzito wa kuelewa alikuwa bado njiani. Mwalimu wa Ukunda aliye na mtoto mchangamfu uwanjani na bubu darasani anaweza kulitambua jambo hilo mara moja.

Sasa, haki itendeke: utafiti uliofanywa hapa Kenya hautoi picha ya miujiza. Katika mradi wa PRIMR, uliotangulia Tusome, baadhi ya shule za Bungoma na Machakos zilipewa vitabu na mafunzo ya kufundisha kusoma kwa Kibukusu na Kikamba, na zikalinganishwa na zile zilizotumia Kiswahili na Kiingereza pekee. Watoto wa kundi la kwanza walipiga hatua nzuri katika kusoma lugha zao. Hata hivyo, katika Kiswahili na Kiingereza faida ya ziada haikuonekana, na katika hisabati hawakuwazidi wenzao. Watetezi wa lugha za kiasili hupenda kuuruka utafiti huu. Ni makosa, kwa sababu una funzo lake: lugha ya nyumbani ikiongezewa juu ya ratiba iliyojaa, kwa muda mfupi, haiwezi kubeba masomo mengine yote. Ife walikuwa na miaka 6.

Kuna pia kisa cha Quebec, ambacho wazazi wanaotaka Kiingereza tangu siku ya kwanza wangekipenda wakikijua. Mwaka 1965, katika mji wa St. Lambert, wazazi wazungumzaji wa Kiingereza waliomba watoto wao wafunzwe kwa Kifaransa tangu chekechea. Watoto walijifunza Kifaransa vizuri na Kiingereza chao hakikupungua. Je, si ushahidi kwamba mtoto hutupwa kwenye lugha ngeni akaogelea? Profesa Wallace Lambert, aliyewafuatilia watoto hao, alieleza tofauti. Kiingereza cha nyumbani kwao kilikuwa na vitabu, redio, magazeti na heshima. Kifaransa kiliongezwa juu yake. Mtoto ambaye lugha yake haina kitabu hata kimoja darasani, na ambaye huchekwa akiitamka, haongezewi lugha. Hubadilishiwa. Na walimu wa St. Lambert walikielewa Kiingereza cha watoto: mtoto aliyesema kwa Kiingereza kwamba ana kiu alipewa maji.

HOFU YA MZAZI

Si haki kuwalaumu wazazi wanaokimbilia Kiingereza. Mitihani huandikwa kwa Kiingereza, barua za ajira hali kadhalika, na mzazi ambaye yeye mwenyewe aliachwa nyuma kwa kukosa lugha hiyo hataki mwanawe apite njia ile ile. Mama anayeuza samaki Gazi akijinyima ili alipe karo ya shule yenye bango la Kiingereza hajadanganyika kuhusu thamani ya Kiingereza. Kinachobishaniwa ni mpangilio tu. Mtoto aliyeshika kusoma kwa lugha moja hahitaji kujifunza kusoma upya kwa lugha ya pili. Anahitaji maneno mapya. Aliyekariri maneno ya Kiingereza ubaoni bila kuyaelewa atayasema yote siku ya wazazi, kwa sauti, na picha zitapigwa. Ikifika Gredi ya Nne, ambapo masomo yote yanageuka kuwa Kiingereza, ndipo deni linadaiwa.

Hofu ya pili husemwa kwa sauti ya chini zaidi: kwamba kufundisha kwa lugha za kikabila kutawagawa watoto. Katika kaunti yenye wenyeji na wahamiaji, hofu hii haifai kudharauliwa. Darasa la Kidigo mahali ambapo theluthi ya watoto si Wadigo linaweza kweli kumwambia mtoto wa Kikamba kwamba hapa si kwao. Lakini darasa ambalo lugha za nyumbani zote zimepigwa marufuku huwaambia watoto wote jambo hilo hilo.

KULIHESABU DARASA

Kwale haiwezi kuwa na jibu moja kwa vituo vyake vyote. Lugha inayofaa PP1 ya ndani Kinango sio inayofaa Ukunda, na waraka mmoja kutoka ofisini hauwezi kulitatua. Jibu hupatikana kwa kulihesabu darasa lenyewe, na kazi hiyo haihitaji mtafiti wa chuo kikuu. Mwalimu, daftari na wazazi waliojitokeza kwenye kikao wanatosha.

Tuchukue mfano wa kubuni: kituo cha chekechea chenye watoto 40 karibu na barabara kuu upande wa Msambweni. Mwalimu anauliza kila mzazi lugha ambayo mtoto husemeshwa zaidi nyumbani. Anapata Kidigo 22, Kiswahili 9, Kikamba 6, Kimakonde 3. Akiishia hapo atasema lugha ya eneo ni Kidigo. Lakini anauliza swali la pili, ambalo ndilo muhimu zaidi: mtoto huelewa lugha gani nyingine anapocheza na majirani? Sasa inadhihirika kwamba kati ya wale 22 wa Kidigo, 14 huelewa Kiswahili vizuri. Kati ya Wakamba 6, watano. Na watoto wote 3 wa Kimakonde. Wanaoelewa Kiswahili ni 31. Wasiokielewa bado ni 9, na kati yao 8 wanazungumza Kidigo na mmoja Kikamba.

Picha imebadilika kabisa. Darasa hili linaweza kufunzwa kwa Kiswahili, kama Kamati ya Gachathi ilivyoshauri kwa maeneo mchanganyiko, mradi mwalimu au msaidizi wake ajue Kidigo cha kutosha kuwavusha wale 8 muhula wa kwanza na wa pili. Na yule mmoja wa Kikamba? Yeye ndiye mtoto ambaye takwimu humsahau. Aketishwe karibu na mmoja wa wale watano wanaojua Kikamba na Kiswahili. Mtoto wa miaka 5 ni mkalimani mzuri sana, na kazi hiyo humpa fahari.

Mfano wa pili ni kituo cha ndani Kinango chenye watoto 35, ambapo wote isipokuwa 2 husemeshwa Kiduruma nyumbani na wachache tu husikia Kiswahili kwa majirani. Hapa kufundisha kwa Kiswahili kwa sababu tu ni lugha ya taifa ni sawa na kuanza kupanda mnazi kutoka juu. Kiduruma ndiyo lugha ya kazi, Kiswahili kikiingizwa kidogo kidogo kwa nyimbo na michezo. Na swali linalobaki ni la kiutawala zaidi kuliko la kiisimu: mwalimu aliyepangiwa kituo hicho anajua Kiduruma? Asipojua, cheti chake kizuri cha ualimu kitafanya nusu ya kazi.

Hata lugha zilizo jamaa zina mitego. Katika Kidigo na Kiduruma, "kuhenda" ni kufanya. Mwalimu mgeni anayesema "haya, tuende" anaweza kumwacha mtoto akisubiri kuambiwa cha kufanya. Mwalimu aliyeorodhesha maneno kumi au ishirini ya namna hiyo nyuma ya daftari lake amepunguza machozi mengi ya muhula wa kwanza.

Kwa watoto viziwi hesabu ni tofauti. Lugha yao ni Lugha ya Ishara ya Kenya, na mtoto kiziwi aliyezaliwa na wazazi wanaosikia mara nyingi hufika chekechea bila lugha yoyote iliyokamilika. Huyo asisubiri "azoee". Mzazi amweleze afisa wa elimu ya chekechea wa kaunti ndogo mapema iwezekanavyo.

KINACHOBAKI NYUMBANI

Shule, hata ikiwa nzuri namna gani, haiwezi kuibeba lugha peke yake. Mwanaisimu Joshua Fishman, aliyechunguza lugha zinazodidimia sehemu nyingi za dunia, alihitimisha mwaka 1991 kwamba kiungo cha uhai wa lugha ni mzazi na bibi kuizungumza na mtoto nyumbani. Lugha ikikatika hapo, somo la nusu saa kwa juma haliirudishi. Kwa Kidigo na Kiduruma hatari hiyo bado iko mbali kiasi. Kidigo kina kamusi, iliyochapishwa 2004, na wasemaji wengi pande zote mbili za mpaka na Tanzania. Kwa Kimakonde cha Msambweni hali ni nyingine. Wazee waliokuja nacho wanaondoka, vijana wamekua wakijua kwamba kutambulika haraka kuwa Mmakonde kulikuwa na gharama yake, na wengi waliona heri wasemeshe watoto Kiswahili. Vitambulisho vilipatikana baada ya miongo mingi. Lugha haina dirisha la kuiombea upya.

Hapa wazazi huuliza kama mtoto hatachanganyikiwa akisikia lugha tatu kwa wakati mmoja. Watoto wa Vanga, Lunga Lunga na Shimba Hills wamekuwa wakikua na lugha tatu kwa vizazi vingi. Mtoto mdogo anaweza kuchanganya maneno ya lugha mbili katika sentensi moja, na baadaye akazitenganisha bila kufundishwa. Kinachomdhuru ni mzazi kuacha lugha anayoimudu na kumsemesha mtoto kwa Kiingereza cha kubahatisha, kwa sababu hapo mtoto hupata maneno machache, amri nyingi, na hadithi hapati hata moja. Hadithi ya sungura na fisi kabla ya kulala, ikisimuliwa kwa Kikamba au Kiduruma fasaha, humfunza mtoto kufuata kisa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kukisia kitakachofuata na kuuliza kwa nini. Stadi hizo humfuata mpaka kwenye kitabu cha Kiingereza.

Katika vituo vyenye lugha nyingi, wazazi na hata babu na bibi wanaweza kukubaliana na mwalimu waje kwa zamu kusimulia hadithi au kuhesabu moja hadi kumi kwa lugha zao. Haigharimu kitu. Mtoto wa Kimakonde anayemwona bibi yake ameketi mbele ya darasa, akiwafunza Wadigo na Wakamba kwamba kwao mtu huitwa "munu", huku wao wakimjibu kwa "mutu" na "mundu", atakuwa amepata kitu ambacho hakimo kwenye silabasi.

Mambo haya hujadiliwa katika kikao cha wazazi cha mwanzo wa mwaka, na hapo ndipo mzazi ana nafasi ya kumwuliza mwalimu anajua lugha gani, na darasa litafunzwa kwa ipi muhula wa kwanza. Siku ya kuandikisha mtoto PP1, mzazi huja na nakala ya cheti cha kuzaliwa na kitabu cha kliniki. Akishavikabidhi, amwambie mwalimu pia lugha ambayo mtoto wake huombea maji.